Kidude Chenye Majina Mawili

Wanangu, karibu kila kitu mnachokichomeka kwenye kompyuta kina majina mawili. La kwanza limeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa za rangi, nalo ndilo muuzaji analolitaja dukani. La pili hamlioni kwa macho. Limehifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, na kompyuta huliuliza na kulisoma pale kifaa kinapochomekwa. Leo nawasimulia habari za watoto wawili, dada na mdogo wake wa kiume, waliohangaika na kidude cha waifai kwa sababu walilijua jina la kwanza tu. Watoto hao nimewatunga mimi. Kidude ni cha kweli, na namba nitakazozitaja ni za kweli. Yakiwafika yaliyowafika wao, zitumieni.

Nyumbani kwao ni Tanga. Baba yao alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, mojawapo ya zile zinazoletwa kwa makontena baada ya ofisi za Ulaya kubadilisha vifaa vyake. Muuzaji alikuwa amefuta kila kilichokuwamo na kuweka Windows 10 upya. Ilikuwa mashine nzuri, ila haikuwa na waifai, maana huko ofisini ilikotoka ilipata mtandao kwa waya unaotoka ukutani. Sasa ruta ya nyumbani ilikuwa sebuleni, kompyuta chumba cha nyuma, na waya wa kufika huko haukuwapo. Mjomba wao aliposikia, akapita jioni na kidude cha USB alichokuwa amekiweka kabatini tangu zamani, TP-Link aina ya TL-WN722N, chenye kiantena cha kusimamisha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Haya, kichomekeni tu, kitafanya kazi chenyewe. Kwangu kilifanya hivyo."

Mjomba hakuwadanganya. Kompyuta yake ilikuwa na intaneti ya waya tayari, hivyo Windows ilikwenda mtandaoni kimyakimya ikajipakulia ilichohitaji. Kompyuta ya watoto hawa ilikuwa haina njia ya kutoka hata moja. Wakachomeka, spika ikatoa ule mlio wa kuonyesha kuna kitu kimeingia, halafu basi. Taa ya kidude haikuwaka. Orodha ya mitandao haikutokea.

"Kimekufa," akasema mdogo mtu.

"Kingekuwa kimekufa kabisa, kompyuta isingelia," akajibu dada mtu. "Imekisikia. Kuna kingine kimepungua."

Hapo alisema neno la maana kuliko alivyojua. Kidude hicho ni redio ndogo, inayotuma na kupokea mawimbi ya gigahezi 2.4, yaani mawimbi yanayotikisika takriban mara bilioni 2.4 kwa sekunde moja. Ndani ya chipu yake kuna sehemu nyingi sana za kuwekea namba. Ukiweka namba fulani hapa, redio inaamka. Ukiweka nyingine pale, inahamia chaneli ya 6. Ukiweka nyingine kule, inaongeza nguvu ya kutuma. Kila mtengenezaji wa chipu amezipanga sehemu hizo anavyotaka mwenyewe, na Windows haiwezi kuzijua zote kwa moyo. Anayezijua ni draiva, programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu ile. Draiva ni mkalimani: Windows inasema "tafuta mitandao iliyo karibu", draiva inalifasiri agizo hilo kuwa namba za chipu ile, kisha inarudisha majibu kwa lugha ambayo Windows inaielewa. Na mkalimani wa Kichina, hata awe hodari vipi, hatakusaidia mgeni wako akiwa Mreno.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chipu nyingi za aina hii huamka zikiwa tupu kila zinapopata umeme. Hazina mahali pa kudumu pa kuhifadhia programu yao ya ndani, kwa hiyo kazi ya kwanza ya draiva ni kuisukumia chipu programu hiyo kupitia USB. Bila draiva, redio haina hata maagizo ya kuanzia siku. Ndiyo maana taa haikuwaka, na mtu akakiita kizima kuwa maiti.

Dada mtu hakukimbilia kusakinisha chochote. Alitaka kwanza kuisikia kompyuta yenyewe inasemaje. Windows ina dirisha linaloitwa Device Manager, na njia fupi ya kulifikia ni kushikilia kitufe chenye nembo ya Windows kisha kubonyeza X. Orodha ikitokea, jina hilo mtaliona. Humo ndani vifaa vyote vya kompyuta vimepangwa kwa makundi, kuanzia kibodi hadi spika. Karibu na mwisho palikuwa na kundi la Other devices, na chini yake kitu kimeandikwa 802.11n NIC, kimebandikwa kipembetatu cha njano chenye alama ya mshangao.

Namba hiyo 802.11 ni ya kanuni za waifai, zilizotolewa mara ya kwanza na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1997. Herufi n ni toleo la mwaka 2009. Yaani kompyuta ilikwisha kuambiwa kwamba hii ni redio ya waifai. Ilichokosa ni kujua namna ya kuzungumza nayo.

Akabofya mara mbili juu ya jina lile. Likafunguka dirisha dogo lenye maelezo, na ndani ya maelezo hayo neno Code na namba 28. Hapa, wanangu, ndipo nawaomba mtulie, kwa sababu watu wengi hupafunga upesi wakaanza kubahatisha. Namba ile ni jibu la swali ambalo wengine hulizunguka mchana kutwa. 28 maana yake hakuna draiva iliyosakinishwa kwa kifaa hiki. Ingekuwa 22, maana yake mtu amekizima kifaa, na dawa ni kukiwasha palepale kwa kubofya Enable. 10 husema draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva hailingani nacho, au tundu la USB halitoi umeme wa kutosha. 43 husema kifaa chenyewe kimeripoti tatizo na Windows imekisimamisha. Hapo jaribuni tundu jingine na kompyuta nyingine kabla hamjamlaumu mtu. 52 husema sahihi ya draiva haikuthibitika, na hiyo nitairudia. Kila namba ina njia yake, na mwenye 28 akianza kubadilisha matundu ya USB anapoteza muda wake bure.

"Dada, tukikosea si kompyuta itaungua?"

Swali hilo huwazuia watoto wengi, hata watu wazima, wasiguse kitu, kwa hiyo nalijibu kwa kisa cha kweli. Aprili 1998, jijini Chicago, kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX, Bill Gates wa Microsoft alipanda jukwaani kuonyesha Windows 98 kabla haijaingia sokoni. Mfanyakazi mwenzake, Chris Capossela, akachomeka skana kwenye USB ili umati uone jinsi Windows mpya inavyojitafutia draiva. Windows ikaanza kujitafutia, na ghafla skrini nzima ikawa bluu yenye maandishi meupe, kazi imesimama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Gates naye akasema hiyo ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Hakuna kilichoungua. Windows 98 ilitoka miezi michache baadaye, na Capossela alibaki Microsoft miaka mingi hadi akawa mkuu wa masoko wa kampuni nzima.

Skrini ile iligeuka bluu kwa sababu draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo programu za kawaida kama za kuandikia barua haziruhusiwi kuingia. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa peke yake. Kilicho ndani ya kiini kikikosea, mfumo wote husimama ili mafaili yasiharibike. Ni kusimama kwa tahadhari. Kompyuta huwashwa upya, draiva mbaya ikaondolewa, au ukabofya Roll Back Driver kurudisha ya zamani kama ilikuwapo. Ninyi si wa kwanza kukosea mbele ya skrini, na mambo ya Gates yalikwama mbele ya kamera za televisheni.

Basi mdogo mtu akapata moyo, tena akapata kupita kiasi. Alikuwa na rafiki mtaani mwenye flashi yenye draiva za kila namna, na mojawapo folda yake imeandikwa wazi TL-WN722N. Akaja nayo mbio. Wakasakinisha, mstari wa kijani ukajaa, programu ikatangaza imefanikiwa. Wakawasha kompyuta upya. Pembetatu ya njano ipo palepale, na namba ni ileile, 28.

Akasakinisha tena. Programu ikafurahi tena, kidude kikanyamaza tena.

"Acha kwanza," dada mtu akamshika mkono. "Ukirudia kilekile hutapata habari mpya. Jina la folda ni sawa na la kidude, lakini nani amesema kompyuta inakijua kidude kwa jina hilo?"

Swali hilo ndilo lililofungua mambo. Akarudi kwenye lile dirisha dogo, akabofya kichupo cha Details, na kwenye kisanduku cha kuchagulia akachagua Hardware Ids. Likatokea neno refu la ajabu: USB\VID_2357&PID_010C, likifuatiwa na vijinamba vingine. Hilo ndilo jina la pili.

Lisomeni nami. VID ni namba ya kampuni. Muungano wa kampuni za USB hugawa namba hizi ili zisigongane, na kila kampuni hupewa yake: 2357 ni ya TP-Link. PID ni namba ya kifaa, ambayo kampuni hujigawia yenyewe. Msishangae kuona herufi C katikati ya namba. Kompyuta hupenda hesabu yenye tarakimu kumi na sita, kwa hiyo baada ya 9 huja A, B, C, D, E na F, kisha ndipo kumi yake. Kwa nafasi nne tu za namna hiyo unapata michanganyiko 65,536, inayoitosha kampuni moja hata ikitoa vifaa vingi mno.

Sasa upande wa draiva. Ndani ya folda ya draiva yoyote ya Windows kuna mafaili ya aina tatu hivi yenye maana. Lenye mwisho wa .sys ndilo draiva yenyewe, mashine peke yake ndiyo inayolisoma. Lenye .cat lina sahihi. Na lenye .inf ni maandishi ya kawaida kabisa, yanayofunguka kwa Notepad, na ndani yake kuna orodha ya majina ya vifaa ambavyo draiva hiyo inavijua. Windows hulichukua jina ililolisikia kwenye USB, ikalitafuta kwenye orodha hiyo. Likiwamo, wanafungamana. Lisipokuwamo, Windows haifanyi kitu, hata programu ya kusakinisha itangaze ushindi namna gani, kwa sababu kwake yeye msakinishaji kunakili mafaili tu kwatosha kuitwa kufanikiwa.

Dada mtu akafungua .inf ya flashi ile. Akabonyeza Ctrl na F, akaandika 2357. Haikupatikana. Akashuka mwenyewe kwenye orodha kwa macho, akakuta VID_0CF3&PID_9271. Mdogo mtu akainamia skrini: "Hii siyo ya kwetu!" Na kweli haikuwa yao. 0CF3 ni namba ya kampuni ya Atheros.

Wakakichomoa kidude na kukigeuza. Chini, kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga wa dirishani, paliandikwa toleo: 2. Hii ndiyo siri ya TL-WN722N, na ni jambo linalojulikana sana kwa mafundi. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa chipu ya Atheros iitwayo AR9271. Toleo la pili na la tatu yakaja na chipu tofauti kabisa, RTL8188EUS ya Realtek, kampuni ya Taiwan. Boksi likabaki na jina lilelile, na kilichobadilika kwa nje ni ile namba ndogo ya toleo. Kampuni nyingi hufanya hivyo chipu ya zamani inapoadimika au inapopatikana ya bei nafuu, na hakuna sheria inayovunjwa. Hata hivyo mimi naona mnunuzi, hasa anayenunua kitu kilichotumika bila boksi wala karatasi, angetendewa haki zaidi kama chipu mpya ingepewa jina jipya.

Kwa hiyo walijua wanachokitafuta: draiva ya TL-WN722N toleo la 2. Ikabaki shida ile ya zamani, kwamba draiva ya kupatia intaneti iko kwenye intaneti. Sidii ndogo iliyokuja na kidude ilikwisha kupotea, na kompyuta yenyewe haikuwa na mahali pa kuingizia sidii. Hapa simu ya Mama iliokoa jahazi. Simu nyingi za Android zinaweza kuigawia kompyuta intaneti kwa waya uleule wa kuchajia: mnachomeka, mnaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, mnawasha sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB. Windows huwa ina draiva ya njia hiyo tangu mwanzo.

Lakini lindeni bando la mama zenu! Windows iliyowekwa upya ina njaa ya masasisho, na ikionja intaneti huanza kupakua mambo mazito bila kuuliza, hadi bando la wiki liishe kabla ya chakula cha mchana. Mara tu mtandao unapoonekana, fungueni Settings, ingieni kwenye mtandao huo, muwashe Metered connection. Hapo Windows hujua kwamba data inalipiwa, ikajizuia kwa kiasi kikubwa. Dada mtu alifanya hivyo kwanza, kabla ya kufungua ukurasa wowote.

Alipotafuta draiva, majibu ya juu kabisa yalikuwa ya tovuti zisizo za kampuni yoyote, zenye vitufe vikubwa vya kijani vinavyoahidi kusasisha draiva zote bure kwa mkupuo mmoja. Msizibofye. Nyingi hukuletea programu ya kukudai pesa, na mbaya zaidi zinaweza kukuletea kirusi, nawe ndiye utakayekuwa umeiruhusu iingie hadi ndani. Nendeni tovuti ya mtengenezaji, chagueni aina, kisha chagueni toleo. Kwenye ukurasa wa TP-Link kisanduku cha toleo kipo, na wengi hukipita bila kukigusa.

Kabla ya kupakua akahakikisha Windows yao ni ya biti 64, jambo linaloonekana kwenye Settings, ndani ya System, sehemu ya About. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64 hata kwa dua. Faili likaja likiwa limefungwa kwa zip. Akalifungua lote kwenye folda yake kwanza, maana ukijaribu kusakinisha kutoka ndani ya zip, nusu ya mafaili huwa hayaonekani.

Mdogo mtu alikuwa na wazo lake. Rafiki yule wa flashi alimwambia kwamba Windows ikikataa draiva, kuna namna ya kuiwasha upya ukazima ukaguzi wa sahihi, ikakubali chochote.

"Sahihi ni ya nini kwani?" akauliza.

Sahihi hiyo ni hesabu iliyofanywa juu ya mafaili ya draiva ili Windows itambue kama kuna aliyeyagusa baada ya kutoka kwa mwenyewe. Hata herufi moja ikibadilishwa, hesabu haitoki. Windows za biti 64 zimedai sahihi kwa draiva za kwenye kiini tangu enzi za Vista, na tangu Windows 10 ya mwaka 2016, toleo 1607, draiva mpya za kiini hutakiwa kupitia Microsoft zikasainiwa huko. Mnakumbuka draiva inakaa wapi? Ndani kabisa. Mwizi akijivika draiva, anaona kila mnachoandika, nywila za baba na mama zikiwamo. Wahandisi wanaojaribu kazi zao wenyewe huzima ukaguzi huo kwenye mashine za majaribio. Kwenye kompyuta ya nyumbani, Code 52 inakwambia tafuta draiva nyingine. Dada mtu akakataa katakata, nami nipo upande wake.

Akafungua .inf ya folda mpya. Ctrl na F. 2357. Ikapatikana, na pembeni yake 010C. Mdogo mtu akapiga kofi moja kubwa. Hapo bado hawajasakinisha chochote, lakini walikwisha kujua itakubali, na kujua huko mapema ndiko ninakokupenda katika kazi hii.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Waliondoa ile draiva ya Atheros isilete mchafuko, wakabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya 802.11n NIC, wakachagua Update driver, kisha njia ya kuielekeza Windows kwenye folda iliyoko ndani ya kompyuta. Sekunde chache, pembetatu ikatoweka, jina likahamia kundi la Network adapters, na taa ndogo ikaanza kumetameta.

Mitandao ikajipanga kwenye skrini, wa jirani wa kushoto, wa duka la dawa. Wa kwao haukuwapo.

Hapa wengi hurudi kuilaumu draiva, na draiva haina kosa. Ruta ya nyumbani kwao iliweza kutoa mitandao miwili, mmoja wa gigahezi 2.4 na mwingine wa gigahezi 5 wenye jina linaloishia na 5G, lakini ule wa 2.4 ulikuwa umezimwa, na simu zote zilizoea ule wa 5. TL-WN722N ni ya 2.4 peke yake; mawimbi ya 5 haiyasikii. Walipouwasha ule wa 2.4 kwenye ruta, ukaonekana. Kuna na sababu nyingine ninayoitaja haraka: kwenye 2.4 Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11, nchi nyingi nyingine hufika 13. Kifaa kilichopangiwa kanuni za Marekani hakitauona mtandao ulioko chaneli ya 13. Hamisheni ruta iende 1, 6 au 11.

Wakaunganika, lakini mtandao ukawa wa kukatikakatika. Kidude walikuwa wamekichomeka nyuma, kati ya ukuta na sanduku la chuma la kompyuta, na chuma huzuia mawimbi. Tena kilikuwa kwenye tundu la bluu, la USB 3.0, karibu na diski ya nje inayofanya kazi. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba nyaya na matundu ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye 2.4. Wakatumia waya wa kurefusha USB, wakakipandisha kidude juu ya meza, kwenye tundu jeusi. Mambo yakatulia.

Jioni mdogo mtu akauliza ni nani huziandika hizi draiva. Za Windows huandikwa na watengenezaji wa chipu wenyewe. Lakini kuna mfumo wa Linux, ambao kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya kampuni hazikuuandikia draiva wala hazikutoa maelezo ya chipu zao. Chipu za Broadcom zilikuwa kwenye kompyuta mpakato nyingi, na wenye Linux walibaki bila waifai. Watu wa kujitolea wakagawana kazi: kundi moja lilichunguza draiva iliyofungwa ya kampuni na kuandika chipu inavyotaka kuambiwa, kundi jingine likaandika draiva mpya kwa maandishi hayo tu, bila kuiona ya asili. Mwaka 2005 Mmarekani aitwaye Larry Finger alijiunga nao. Hakuacha. Baada ya Broadcom alihamia kwenye chipu za Realtek, akatuma viraka zaidi ya elfu moja kwenye kiini cha Linux, akawa anawajibu watu asiowajua waliokwama kama watoto hawa. Draiva ya RTL8188EU, familia ya chipu ileile iliyomo kwenye kidude cha Mjomba, aliiweka wazi mtandaoni kila mtu aichukue. Alifariki Juni 2024. Kuna wanafunzi wengi wanaosoma leo kwa waifai iliyopita mikononi mwake, nao hawajawahi kulisikia jina lake. Ndiyo maana nimelitaja.

Dada mtu aliinakili folda ya draiva kwenye flashi, akaipa jina la 2357-010C, kwa sababu siku Windows ikiwekwa upya shida itarudi ileile na bando la Mama halitakuwapo. Mdogo mtu alikuwa amekwisha kalia kiti. Alifungua kifaa kimoja baada ya kingine, akisoma kichupo cha Details kwa sauti. Kipanya kikajitaja 046D, ndiyo Logitech. Vifaa vya ndani vikawa na VEN badala ya VID, na karibu vyote vikarudia 8086, akadhani kompyuta imekwama. Dada yake akamweleza kwamba ni Intel, walioichukua namba ya prosesa yao maarufu ya mwaka 1978. Halafu akaifikia flashi ya rafiki yake, ile iliyoandikwa Kingston kwa nje.

"Dada, Kingston ni namba ngapi?"

"0951."

"Njoo uone hii."